Honi ya Gari la Mikate

Watu wanaidharau honi. Gari likikosa breki mtu atalilaza kando ya barabara amsubiri fundi, likikosa taa ataenda polepole huku anamwomba Mungu, lakini honi ikifa dereva hucheka tu, akatoa mkono dirishani, akapiga mlango kofi na safari ikaendelea. Fundi Umeme alikuwa na miaka kumi na saba ya kuinamia boneti za watu, na hakukumbuka hata mara moja kuletewa gari kwa sababu ya honi peke yake. Siku zote honi huja imefuatana na ugonjwa mwingine. "Na ukimaliza hapo, fundi, niangalizie na honi," basi. Alhamisi ile gari la mikate lililetwa kwa ajili ya honi na si kitu kingine, na mtu aliyelileta alikuwa na faili kwapani.

Mtu huyo alikuwa afisa usafirishaji wa kiwanda cha mikate. Madereva walimwita Bwana Faili, maana hata msalani, walisema, haendi bila karatasi. Alishuka upande wa usukani. Upande wa abiria akashuka kaka yake Fundi, tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka kumi na mmoja, na dereva wa gari lilelile kwa miaka ishirini na miwili. Fundi hakuwahi kumwona kaka yake akishuka upande ule. Ilimuuma kuona hivyo, akainama na kujifanya anatafuta bisibisi.

Habari yenyewe ilishaenea. Jumanne asubuhi, katika uwanja wa kiwanda, gari lilitoka kwenye kipakilio, pale mikate inapopakiwa, likasogea mbele na kumkumba mtunza ghala, aliyekuwa amelipa kisogo akipanga makreti. Nyonga ikavunjika. Sheria ya uwanja ule ni kwamba gari halisogei hata hatua moja kabla ya kupigwa honi mbili. Kaka alisema alibonyeza mara mbili kama kawaida, hakikulia kitu, na kabla akili haijakamata kwamba hakuna sauti, mguu ulishatoka kwenye breki kwa mazoea ya miaka yote hiyo. Baada ya ajali msimamizi aliingia garini akabonyeza, ikalia. Akabonyeza tena, ikanyamaza. Hapo watu wakagawanyika, wengine wakasema honi ni mbovu, wengine wakasema mzee alisinzia na sasa anatafuta pa kujifichia.

"Kikao ni leo saa nane," alisema Bwana Faili, akatoa karatasi moja na kuiweka juu ya benchi la kazi. "Kama honi ilikuwa mbovu, hiyo ni ajali, mambo yanaisha. Kama ilikuwa nzima, ni uzembe. Na uzembe unaujua."

Fundi aliujua. Anayefukuzwa kwa uzembe hapati kiinua mgongo, na kaka yake alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Miaka ishirini na miwili ingeliwa na nusu ukurasa.

"Wakubwa walitaka tumlete fundi wa nje, kwa kuwa huyu ni ndugu yako," aliendelea yule afisa. "Mimi nikasema hapana. Magari yetu yote kumi na moja unayashika wewe, hujawahi kutudanganya hata balbu. Sasa nisikilize. Usitengeneze kitu. Pima, ukiona tatizo niite nilione kwa macho yangu, kisha uandike. Mimi niko hapo ng'ambo, nanywa chai."

Akavuka barabara na faili lake. Ndugu wawili wakabaki na gari.

"Pima tu," kaka alisema. "Andika unachokiona. Sitaki unipendelee."

"Nani amesema nitakupendelea?"

"Nakujua, bwana mdogo. Moyo wako laini."

Moyo wa Fundi ulijaa aliposikia hivyo. Ni kaka huyu aliyemshika mkono akampeleka kwa fundi wa kwanza kumfundisha kazi, ni kaka huyu aliyesimama mbele ya wakubwa wa kiwanda akasema, "Jaribuni mdogo wangu, akiharibu mnikate mimi." Gereji hii, na paa lake la bati na benchi lake na kufuli zake mbili, ilisimama juu ya maneno hayo. Leo, alijiambia, namlipa. Alifungua boneti kwa furaha ya mtu aliyepata nafasi.

Kutafuta ugonjwa wa honi si uganga. Unaanzia mahali umeme unapoanzia na unaufuata mpaka mahali unapopotea, kama mtu anayefuata bomba la maji. Fundi alichomoa fyuzi, akaiangalia kwenye mwanga, ilikuwa nzima. Akairudisha. Akaweka kidole juu ya rilei, kile kijiswichi kinachoipelekea honi umeme.

"Bonyeza."

Kaka alikuwa ameketi mahali pake, nyuma ya usukani. Akabonyeza. Rilei ikagonga chini ya kidole, *tik*, sauti ndogo ya kitu kinachofanya kazi yake. Honi haikulia.

"Kitufe kizima," Fundi alisema. "Rilei nzima. Hujasinzia wewe."

"Sijasema nilisinzia."

"Tena kaka."

*Tik*. Kimya.

Akalala chini, akajisukuma mpaka mbele, akachomoa plagi ya honi nyuma ya grili. Akachomeka testa kwenye tundu la kwanza. "Bonyeza." Taa ya testa ikawaka. Umeme ulikuwa unafika. Basi ni honi yenyewe, akasema moyoni, akavuta nyaya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri akaigusisha. Honi ikapiga kelele hivi kwamba kaka aliruka kwenye kiti na kumtukana matusi ya utani ya zamani, ya kulala kitanda kimoja walipokuwa wadogo. Wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka siku ile.

Maana kilichobaki kilikuwa kimoja. Honi nzima, umeme unafika, basi umeme haupati njia ya kurudi. Ni waya wa ardhi, ule unaotoka kwenye honi na kufungwa kwenye bodi ya gari. Fundi aliufuata kwa vidole, bila kuuona, nyuma ya taa ya kushoto. Inchi chache tu akakuta kifundo cha tepu. Mtu alikuwa ameuunga.

"Kuna mganga amepita hapa," alisema kutoka chini, na sauti yake ilikuwa bado na kicheko. Alikuwa na maneno makali kwa mafundi wanaounga waya kwa kuusokota na kuufunika tepu bila lehemu. Aliwaita waganga. Alisema wangefaa kufunga hirizi. "Ameusokota tu na kuuvisha tepu. Ngoja nikuoneshe aibu ya watu."

Akakivuta kifundo kikaja kwenye mwanga.

Mwisho wa tepu ulikuwa umekunjwa nyuma, ukafanya kijimkia. Mafundi wengine hawafanyi hivyo. Wanakata tepu na kuibandika mpaka mwisho, na anayekuja baadaye ahangaike na kucha. Fundi Umeme ndiye peke yake anayekunja mkia, ili fundi ajaye apate pa kushika, na wenzake walikuwa wakimcheka kwa hilo: huyu hata tepu anaiachia mlango. Alikitazama kijimkia kile na mgongo wake ukawa baridi kwenye sakafu.

Akaikumbuka siku yenyewe. Jumamosi moja, miezi mitatu iliyopita. Kaka alipita akitoka kwenye mizunguko yake, hakutumwa na ofisi, hakuwa na karatasi. Ilikuwa kazi ya undugu, ile ya dakika tano, ya "niangalizie hii mara moja". Waya ulikuwa umesuguliwa na taa mpaka umekatika. Umeme wa mtaa ulikuwa umezimwa, chuma cha lehemu hakikuweza kupata moto, na nje wingu lilikuwa limefunga. Fundi aliusokota, akauvisha tepu. "Nitaurudia Jumatatu," alisema. Jumatatu likaja lori la mtu mwingine, Jumanne likaja basi dogo, na ile honi ikazama chini ya siku. Nyani haoni kundule. Maji ya mvua yaliingia kwenye tepu, shaba ikaota kutu ya kijani, waya ukawa unashika leo na kesho unaacha, mpaka Jumanne hii ulipoacha na mtu akiwa amelipa kisogo.

Sasa hapa ndipo mikono ilipomharibia. Mtu mwingine yeyote, mwalimu, karani, askari, angekiacha kifundo kile kama kilivyo na kukaa kitako afikiri. Fundi hana mikono ya namna hiyo. Akili yake ilikuwa bado kwenye Jumamosi ile, na huku vidole vilishashika kijimkia, vikafungua tepu, vikachukua kisu, vikaikwangua shaba mpaka ikang'aa, vikausokota waya upya kwa nguvu, vikakata tepu mpya na kuifunga. Vilichomeka plagi. Na mdomo, uliozoea kufuata vidole, ukasema:

"Bonyeza."

Kaka akabonyeza. Honi ikalia. Akabonyeza tena, ikalia tena, sauti nene, safi, iliyojaza gereji ikatoka nje mpaka ng'ambo ya barabara. Fundi aliisikia akiwa amelala chali, na hapo akili ikarudi. Ugonjwa aliokuwa ameitwa kuushuhudia hangeuona tena mtu yeyote. Ulikuwa umebaki katika tepu kuukuu iliyojikunja kwenye kiganja chake. Akaitia mfukoni.

Bwana Faili alivuka barabara na kikombe mkononi.

"Kumbe inalia."

"Imelia sasa," Fundi alisema, akiinuka na kujipangusa. "Ilikuwa hailii."

"Nilikuambia usitengeneze."

"Mkono umetangulia, mkubwa. Nisamehe."

Afisa akashusha pumzi ya mtu aliyezoea kuhudumiwa na wajinga. "Haya. Ilikuwa na nini?"

"Waya wa ardhi."

"Ulikatika?"

Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono yote miwili juu ya usukani, kioo kimeshushwa. Alikuwa anasikia kila neno.

"Uli..." Fundi alisema. "Ulikuwa haushiki vizuri."

Bwana Faili akainama, akachungulia nyuma ya taa. "Hapa naona tepu. Nani aliuunga?"

"Tepu hiyo nimeiweka mimi sasa hivi," Fundi alijibu, na huo haukuwa uongo.

"Na kabla ya sasa hivi? Nauliza kwa sababu hilo ndilo swali kubwa la wakubwa. Kama kuna mtu aliugusa waya huu akauacha vibaya, basi dereva hana kosa, kosa ni la huyo. Kikao kitamwita yeye, na familia ya yule mzee wa ghala aliyeko hospitalini itamtafuta yeye. Na kama ni fundi mwenye mkataba na sisi," akatabasamu kidogo, kwa utani, "basi mkataba nao kwaheri."

Ukweli ulikuwa mfupi. Ni mimi, Jumamosi, bila lehemu. Maneno matano, watoto wa darasa la kwanza wanayaandika. Fundi aliyafikisha mpaka kwenye meno. Lakini akaliona benchi lake, akaziona kufuli zake mbili, akawaona wanaye watatu na sare zao za shule, akaona watu mtaani wakimnyooshea kidole, yule pale ndiye aliyemvunja mzee nyonga. Akamwona pia kaka yake, mtu aliyebakiza miezi minane tu, mtu ambaye hata hivyo angestaafu. Ndivyo alivyojiambia: hata hivyo angestaafu. Woga ukitafuta hoja haukosi.

"Haukuwa umeguswa," alisema. "Umelegea wenyewe. Gari linatikisika."

"Ina maana dereva angeweza kugundua?"

"Akiijaribu."

"Asubuhi, kabla ya kutoka."

"Asubuhi, ndiyo."

"Basi andika hivyohivyo."

Fundi akaichukua ile karatasi, akainama kwenye benchi. Aliandika kwa mwandiko mzuri, kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri siku zote. *Honi ni nzima. Waya wa ardhi ulilegea kutokana na mtikisiko wa gari. Kasoro ya aina hii hugundulika dereva anapoijaribu honi kabla ya safari.* Akatia sahihi. Alijua kwamba kaka yake huijaribu honi kila alfajiri, kabla hata ya kufunga mkanda, na majirani wa kiwanda walishawahi kwenda kulalamika kwa sababu hiyo. Alijua, kwa kuwa kaka alishamwambia, kwamba Jumanne ile alfajiri ilikuwa imelia. Aliyajua yote hayo na kalamu haikusita.

Bwana Faili akasoma, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akampelekea kaka pale dirishani. "Na wewe soma, mzee, usije ukasema tumekuficha."

Kaka akavaa miwani. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, kama anavyosoma kila kitu. Alipomaliza alirudi mstari wa kwanza akasoma tena. Kisha akairudisha karatasi, akafungua mlango, akashuka na kuzunguka akaenda kusimama upande wa abiria. Afisa akaiweka karatasi kwenye faili, akaenda ng'ambo kurudisha kikombe cha watu.

Fundi akasogea. Hakujua anasogea kwenda kusema nini.

"Kaka."

"Toka Jumanne wameniuliza mara tatu," kaka alisema, na sauti yake haikupanda. "Nani aliigusa honi hii mara ya mwisho. Msimamizi akaniuliza, huyu wa faili akaniuliza, na polisi. Mara zote tatu nikasema haijaguswa na mtu."

Fundi aliiingiza mkono mfukoni, akaishika ile tepu kuukuu.

"Nilijua ni ile Jumamosi. Nilijua hata kabla sijashuka kwenye gari kumwinua yule mzee. Nikasema, nikimtaja mdogo wangu wataifunga gereji yake. Acha wampelekee mwenyewe, aone, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, ndivyo itakavyokuwa nafuu kwake. Mtu akikiri kosa lake watu humsamehe."

"Nina watoto, kaka."

"Najua. Wananiita baba mkubwa."

"Ngoja nikamwambie aniletee karatasi. Nitaiandika upya."

Kaka akamtazama, na Fundi angependa kuona hasira machoni mwake. Hasira ingemsaidia, wangegombana, wangetukanana, moto ungewaka na kuzimika kama ugomvi wa ndugu unavyozimika. Kaka alikuwa anamtazama tu kama abiria anayemtazama mtu asiyemjua.

"Kikao ni saa nane," alisema. "Mlango uko wazi kwa yeyote mwenye la kusema. Ukitaka, utakuja."

Afisa akarudi, wakaingia garini, wakaondoka. Kwenye lango la gereji Bwana Faili alipiga honi mbili kama sheria inavyotaka, ikalia vizuri kabisa.

Ilikuwa saa tano na nusu. Kutoka gereji hadi kiwandani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, mtu mwenye haraka ni kumi na tano. Fundi alijiambia kwamba atakwenda. Alisema atamalizia kwanza taa za teksi iliyokuwa inamsubiri, kwa kuwa mwenyewe ana haraka. Alipozimaliza ilikuwa saa sita na robo, akasema atanawa mikono, huwezi kuingia mbele ya wakubwa na grisi. Akanawa kwa sabuni mpaka viwiko. Akabadili shati. Saa saba na nusu alikuwa amesimama barabarani na shati safi, na akaja mtu na pikipiki isiyowaka, akasema fundi nisaidie mara moja tu, na Fundi akamshukuru Mungu kwa ajili ya pikipiki ile kuliko alivyowahi kushukuru kwa kitu chochote. Alichuchumaa. Ilikuwa plagi chafu, kazi ya dakika tatu. Aliifanya kwa saa nzima.

Simu ililia saa kumi. Ilikuwa shemeji, mke wa kaka. Fundi aliiacha ilie mpaka karibu ikatike, ndipo akaipokea.

"Shemeji," sauti ilikuwa ya mtu aliyelia na kumaliza. "Wamemfukuza. Amerudi sasa hivi, amekaa tu hapo sebuleni, hataki hata maji."

"Pole, shemeji."

"Hawakumpa chochote. Wamesema ni uzembe. Nikamuuliza, si ulisema wanaipeleka kwa ndugu yako? Amesema mambo yaliamuliwa huko juu kabla hata ya kikao, na wewe ulihangaika naye asubuhi nzima, ukampigania mpaka ukagombana na afisa." Akapenga kamasi. "Nimeona nikupigie nikushukuru. Maana wengine wangemkimbia."

Mtu wa pikipiki alikuwa ameshaondoka. Gereji ilikuwa tupu. Fundi alielewa kwamba kaka yake hajamwambia mtu, na hatamwambia, si leo wala siku watakayoketi mkeka mmoja kwenye msiba wa mtu. Amemwachia mzigo wote autunze peke yake.

"Upo, shemeji?"

"Nipo."

"Basi asante sana. Mungu akubariki."

"Usijali, shemeji," Fundi alisema. "Si ndugu yangu?"